Mkopo wa Baba Aliye Ng'ambo na Nyumba Iliyoko Miono

Miono ni kata ya wakulima katika Halmashauri ya Chalinze, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara itokayo Mandera kuelekea Saadani. Watu wake hulima mahindi, mihogo, nanasi na korosho. Lakini, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani yetu, si kila shilingi inayoingia nyumbani hutoka shambani. Zipo familia ambazo baba, au kijana mkubwa wa nyumba, yuko Muscat, Dubai au Doha, naye mama amebaki na watoto, shamba na nyumba.

Mama huyu hujua vizuri fedha ya matumizi hutumwa tarehe ngapi. Hujua pia mume alipandishwa mshahara au la. Jambo ambalo mara nyingi halijui ni deni. Je, baba amekopa benki huko aliko? Amekopa kiasi gani? Ameweka nini dhamana? Na kazi ikikoma kesho, deni hilo litamwendea nani?

Katika makala haya tutazungumzia mkopo wa mtu anayefanya kazi ugenini kwa kibali cha muda. Tunalizungumza na akina mama kwa sababu moja: mkopo huo huchukuliwa mbali, lakini unaweza kuja kubisha hodi hapa nyumbani.

Jambo hili si geni pwani

Kumkopesha mtu anayeondoka ni desturi ya zamani katika pwani hii. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara iendayo bara. Wapagazi walipokea sehemu ya malipo yao kabla ya kuinua mzigo. Wenye misafara nao walichukua nguo, shanga na bidhaa nyingine kwa matajiri wa mji kama Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897. Deni lililipwa pembe za ndovu zilipofika pwani.

Swali la mkopeshaji wa siku zile ndilo swali la meneja wa benki wa leo: huyu mtu asiporudi, nani atanilipa?

Kwa nini benki humhofia mgeni

Mfanyakazi mgeni anaweza kuwa mwaminifu na mchapa kazi, lakini benki humtazama kwa jicho jingine. Kwanza, kibali chake kina mwisho. Katika nchi za Ghuba kibali cha ukaazi wa mfanyakazi kwa kawaida ni cha miaka 2, na hufungamana na mwajiri aliyemleta. Kazi ikikoma, na kibali kimo hatarini. Pili, hana nyumba wala shamba katika nchi ile. Tatu, benki haina habari zake za nyuma.

Tusiwalaumu sana wenzetu, maana hata kwetu ni hivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia wa Tanzania hamilikishwi ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo mwalimu au fundi wa kigeni anayefanya kazi hapa kwa kibali hana shamba la kuweka rehani. Atakopeshwa kwa kutazamwa mshahara na mkataba wake. Na kama ameoa binti wa hapa, mara nyingi mwenye ardhi ni mke. Hapo mke ndiye anayeombwa kuwa dhamana ya mumewe.

Hesabu ya miezi

Hebu tuchukue mfano wa Dubai. Tangu mwaka 2011 Benki Kuu ya Falme za Kiarabu ina kanuni ya mikopo ya watu binafsi. Mkopo usizidi mara 20 ya mshahara wa mwezi. Ulipwe ndani ya miezi 48. Makato yasizidi nusu ya mshahara. Kanuni hii ni nzuri, kwani inamkinga mkopaji asikatwe mpaka akakosa nauli ya basi.

Sasa tazama kinachoweza kutokea. Baba analipwa dirhamu 5,000 kwa mwezi. Anakopa dirhamu 48,000 ili amalizie nyumba Miono na kumlipia mtoto ada. Kwa miezi 48, tukiacha riba, atakatwa dirhamu 1,000 kila mwezi. Makato hayo hayafiki hata nusu ya mshahara, na kanuni haijavunjwa.

Lakini kibali chake ni cha miezi 24! Tuseme mwezi wa 20 kampuni inafungwa. Baba amelipa dirhamu 20,000, bado 28,000. Hizo ni zaidi ya dola 7,600 za Marekani, na riba hatujaigusa. Mshahara hakuna tena. Fedha ya mwisho wa kazi, ile ambayo mama alikuwa akiihesabu kama kiinua mgongo cha kuanzia duka, huenda benki ikaichukua kwanza, maana kwa kawaida mkopaji huwa ameahidi kwa maandishi kwamba mshahara na haki zake zote zipitie benki ile. Na mahakama za huko zinaweza kumzuia mdaiwa asiondoke nchini mpaka deni lipatiwe ufumbuzi.

Mama aliyebaki Miono hakutia saini popote, lakini ghafla hakuna matumizi, na mume hawezi kurudi.

Jambo la kujifunza hapa ni rahisi: mkopo wa mwenye kibali cha muda uwe mfupi kuliko kibali. Ikiwa kibali kimebakiza miezi 14, basi mkopo uishe kwa miezi 12. Miezi 2 inayobaki ni ya tahadhari. Benki ikikubali kutoa muda mrefu zaidi, hiyo haina maana kwamba muda huo unaifaa familia.

Walio Uingereza na Marekani

Huko mambo ni tofauti kidogo. Kinachotazamwa sana ni kumbukumbu ya ulipaji wa madeni. Mtu aliyekopa na kulipa vizuri miaka 10 hapa Tanzania akifika huko huhesabika kama mtoto aliyezaliwa jana, kwani kumbukumbu zetu kwa kawaida hazimfuati.

Kumbukumbu hiyo hujengwa pole pole. Huko Uingereza, Mtanzania anayeishi kwa kibali halali anaweza kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Jina likiwa katika daftari hilo, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo huthibitisha anwani yake kwa urahisi. Huko Marekani wageni wengi huanza na kadi ya mkopo ya amana: mtu huweka fedha yake benki, naye huruhusiwa kutumia kiasi kama hicho na kulipa kila mwezi. Akilipa kwa wakati, baada ya miezi kadhaa huanza kuaminika.

Ukiwa na mtoto huko, mshauri aanze hivyo, na kidogo kidogo. Asikimbilie gari la mkopo katika mwaka wa kwanza eti wenzake wanalo.

Shemeji anapoleta karatasi

Sasa tuje kwenye hatari iliyo karibu zaidi nasi. Benki ya ng'ambo ikikataa, baba hufikiria nyumbani. Hukopa katika benki ya Tanzania, au kwa mkopeshaji wa mtaani, na dhamana ni nyumba au shamba. Kwa kuwa yeye mwenyewe hayupo, hutuma ndugu.

"Shemeji, kaka amepiga simu. Anasema uweke saini hapa, gari la kurudi Chalinze linanisubiri."

Mama, gari na liende! Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, mume hawezi kuuza, kugawa wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Na mke vivyo hivyo bila ridhaa ya mume. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008 yaliyohusu rehani za nyumba, inasema rehani ya nyumba ya wanandoa haiwi halali mpaka mwenzi awe ameridhia. Mkopaji anatakiwa aseme kama ana mke au hana, na benki inatakiwa ihakikishe. Kudanganya katika jambo hilo ni kosa la jinai.

Maana yake ni kwamba saini yako ni mamlaka uliyopewa na sheria. Haiwekwi kwa haraka wala kwa kuona haya mbele ya shemeji. Unaweza kumjibu kwa heshima: "Shemeji, karibu chakula. Karatasi niachie, nitazungumza na mume wangu mwenyewe, kisha nitasomewa na mtu anayejua sheria."

Ukisikia nyumba inataka kuwekwa rehani bila wewe, usikae kimya. Kama ina hati iliyosajiliwa, sheria inakuruhusu kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kama ni ardhi ya kijiji, andika barua kwa Halmashauri ya Kijiji na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao husaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Maswali ya kuulizana kabla ya kukopa

Mume anapokuambia kwa simu kwamba anataka mkopo, usianze na ugomvi, wala usiitikie tu. Chukua daftari uandike majibu ya maswali haya:

1. Kibali chako kinakwisha tarehe ngapi, na mkopo unakwisha tarehe ngapi?

2. Kila mwezi watakata kiasi gani, na nyumbani kitabaki kiasi gani cha chakula na ada?

3. Dhamana ni nini? Ni mshahara, kiinua mgongo, nyumba au shamba?

4. Kazi ikikoma, ukiugua, au ukifa, nani atalipa? Je, mkopo una bima, na bima hiyo inalipa katika mambo gani?

5. Fedha hii itafanya nini, na kitu hicho kitaanza kuleta mapato lini?

Mwambie pia akutumie picha ya mkataba wa mkopo na ya kibali chake. Zitunze pamoja na cheti cha ndoa na hati ya ardhi. Mume mwenye nia njema hataona ni utovu wa adabu, maana ni watoto wake unaowalinda.

Je, hakuna njia nyingine?

Zipo. Ikiwa haja ni mtaji wa shamba au biashara ndogo, huenda mama akaupata hapa hapa. Vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, hukopesha kwa kutazama akiba na uaminifu wa mwanachama; hakikisha tu kikundi kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwuliza.

Njia ya polepole kuliko zote ni kujenga kwa akiba: mwezi huu mabati 5, mwezi ujao saruji mifuko 3. Majirani watasema nyumba yenu haiishi. Lakini baba akirejea kibali kikiisha, ataikuta bado ni yenu, nawe utalala usingizi bila kuogopa kengele ya dalali.