Ganzi, Afyuni na Funzo la Uganda

Katika Uganda, Kenya na hapa Tanzania, ajali za bodaboda zimewavunja watu wengi miguu na mikono. Wengi wao huishia katika chumba cha upasuaji. Swali lisilo budi kuulizwa ni hili: ganzi ikiisha, je, mgonjwa aachiwe maumivu yake?

Kupasuliwa mguu hakuhitaji nusukaputi kila mara. Tangu mwaka 1898, August Bier wa Kiel, Ujerumani, alipomdunga mgonjwa kokaini mgongoni, imejulikana kwamba mtu aweza kupasuliwa mguu akiwa macho. Siku hizi hutumika dawa kama bupivakaini, ambayo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu. Lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache.

Mwaka 1979 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba mofini kidogo, ikitiwa katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, hutuliza maumivu kwa saa nyingi. Mofini, itokanayo na afyuni, haiui ganzi mguu. Hupunguza maumivu katika uti wenyewe. Ndiyo maana dawa hizo mbili zikichanganywa husaidiana: ya kwanza humwezesha daktari kupasua, ya pili humtuliza mgonjwa baadaye. Kipimo cha kawaida cha mofini hiyo ni miligramu 0.1 hadi 0.2 tu.

Hata hivyo, mgonjwa aweza kuwashwa mwili na kutapika. Hatari kubwa zaidi ni pumzi kupungua saa nyingi baadaye, naye yumo wodini. Kwa hiyo muuguzi hana budi kuzihesabu pumzi zake usiku kucha.

Kikwazo kingine ni hofu ya afyuni yenyewe. Hapo Uganda yatupa funzo. Mwaka 1993 lilianzishwa shirika la Hospice Africa Uganda, na mofini ya kunywa ikaanza kuwafikia wagonjwa mahututi. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika. Mofini hiyo ya kunywa kamwe haidungwi mgongoni. Lakini imethibitisha kwamba dawa kali yaweza kusimamiwa vema pasipo kumnyima mgonjwa nafuu.

Majeraha yetu na ya jirani ni yale yale. Basi na tujifunze kwao: kabati la dawa lisiwe tupu kwa sababu ya hofu, wala wodi isikose muuguzi usiku.