Wali wa asubuhi usiuzwe magharibi

Mu bonde la Ruzizi muchele unalimwa, na wamama wengi wa koperative wanaupika na kuuuza kando ya barabara ya Uvira–Bukavu. Utasikia: wali umetokota, mikrobe zote zimekufa. Hapana, si zote.

Kuna mikrobe moja ya mu udongo inayofuata punje tangu shambani. Inajifungia mu ganda gumu, na maji yenye kutokota hayaiui. Wali ukikaa vuguvugu chini ya kitambaa, ganda linafunguka na mikrobe inaanza kuzaana. Kwa joto la Ruzizi, masaa machache tu yanatosha. Kisha inaacha sumu mu wali.

Hapo ndipo penye shida. Kurudisha sufuria kwa moto hakuondoi sumu hiyo, hata wali utokote tena, na mutu haisikii kwa harufu wala kwa ladha. Anakula saa sita, mbele ya saa kumi na mbili anatapika. Jirani wanasema amepewa karuho, na mama muuzaji ndiye ananyooshewa kidole.

Basi pika kidogo asubuhi, upike tena muchana. Wali wa kuuza ukae juu ya makala, mvuke ukitoka, joto lipite digri 60. Ukipoa kupita masaa mawili, usiuuze. Makala iko bei, tunajua. Lakini koperative inaweza kuinunua pamoja kwa gunia. Na wale wanaochanganya wali wa jana na wa leo ili usipotee, wanaharibu sufuria nzima.