Ifahamu Kinga Dhidi ya Kunaswa kwa Skrini ya Kompyuta

Mtumiaji anayetuma ujumbe kwa programu yenye usimbaji fiche huamini kwamba hakuna awezaye kuusoma isipokuwa aliyetumiwa. Imani hiyo ni sahihi wakati ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika, huonekana katika skrini kama maandishi ya kawaida, na kinachoonekana katika skrini kinaweza kunaswa kuwa picha.

Kwa nini suala hili lina uzito?

Mwezi Mei 2024 kampuni ya Microsoft ilitangaza Recall, huduma ya Windows 11 kwa kompyuta za aina ya Copilot+. Huduma hiyo hupiga picha za skrini mara kwa mara na kuzihifadhi, ili mwenye kompyuta aweze kutafuta baadaye alichowahi kukiona. Wataalamu wa usalama walipoikosoa, kampuni iliiahirisha, ikaiongezea ulinzi na kuifanya isifanye kazi hadi mtumiaji aridhie. Hata hivyo, Mei 2025 programu ya Signal ya Windows 11 iliwekewa kinga yake yenyewe.

Kinga hiyo hufanyaje kazi?

Programu huiarifu Windows kwamba dirisha lake halipaswi kunaswa. Picha ya skrini ikipigwa, yaliyomo katika dirisha hilo hayaonekani, ilhali mtumiaji huendelea kusoma kama kawaida.

Mipaka yake ni ipi?

Kwanza, kinga hulinda kompyuta yako pekee. Uliyemwandikia anaweza kuizima kwake, au akawa na kifaa kisicho nayo, na maneno yako yakanaswa huko.

Pili, haizuii kamera ya simu iliyoelekezwa kwenye skrini.

Tatu, huweza kutatiza baadhi ya programu zinazowasomea maandishi watu wenye ulemavu wa kuona. Kwa sababu hiyo, mtumiaji ameachiwa uhuru wa kuizima.

Mtumiaji anashauriwa:

(a) Kufungua Mipangilio ya Signal, sehemu ya Faragha, na kuhakikisha kuwa usalama wa skrini umewashwa. Akiuzima kwa dharura, auwashe tena.

(b) Iwapo kompyuta yake ina Recall, kukagua katika Mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha na usalama, kama inahifadhi picha, na kuzifuta asizozihitaji.

(c) Kutofungua mazungumzo ya siri katika kompyuta ya ofisi au ya mgahawa wa intaneti, kwa kuwa mipangilio yake iko mikononi mwa mwingine.

(d) Kutomtumia mtu yeyote namba ya siri ya benki au ya pesa kwa simu, hata kwa programu iliyo salama.

Kinga ya skrini hupunguza hatari, lakini haichukui nafasi ya uangalifu. Kabla ya kutuma jambo la siri, tafakari pia ni nani atakayelisoma na kwa kifaa gani.