Kumbukumbu, Hifadhi na Michezo ya Kompyuta: Kiasi Gani Kinatosha?

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika na kwa mafundi wa mitaa ya Kinondoni na Temeke, swali moja husikika mara kwa mara: "Kompyuta ya gemu inataka memori kiasi gani?" Swali hilo laonekana jepesi, na aghalabu hujibiwa kwa tarakimu moja. Lakini mwenye kulichunguza atatambua kwamba muulizaji na mjibuji huenda wanazungumzia vitu viwili mbalimbali, kila mmoja akidhani kwamba ameeleweka. Hapo ndipo jambo la fedha linapogeuka kuwa jambo la istilahi, nalo ndilo linalotuhusu katika makala haya.

Tuchukue mfano. Mzazi wa Mbagala amejiwekea akiba kwa miezi kadhaa ili amnunulie kijana wake kompyuta itakayomfaa kwa masomo na kwa michezo. Dukani anaambiwa kwamba kompyuta fulani "ina memori kubwa, GB 500". Analipa na kuipeleka nyumbani. Mchezo wa mpira unapoanza, picha zinakwama kila mshambuliaji akaribiapo goli. Muuzaji hakusema uongo, maana GB 500 zimo ndani ya kompyuta hiyo. Ila hizo ni za kuhifadhia tu; kumbukumbu ambayo mchezo huitumia wakati unapochezwa ni GB 4. Neno moja limebebeshwa dhana mbili, na gharama imemwangukia asiyejua tofauti yake.

Chanzo cha mkanganyiko

Mkanganyiko huu una mizizi mitatu. Wa kwanza umo katika neno lenyewe, "kumbukumbu". Mtumishi wa Serikali hulikuta kila siku juu ya barua, likiwa limefupishwa "Kumb. Na.", katibu wa mkutano huandika kumbukumbu za kikao, nazo hutunzwa ili zisomwe katika kikao kifuatacho. Katika matumizi yote hayo, sifa kuu ya kumbukumbu ni kudumu. Kumbe sehemu ya kompyuta iliyopewa jina hilo ina sifa iliyo kinyume kabisa: umeme ukikatika, vyote vilivyokuwamo hufutika papo hapo. Mwalimu aliyepata kuandika mtihani kwa saa mbili bila kuuhifadhi, kisha umeme ukakatika, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mzizi wa pili ni neno la mitaani, "memori". Watu wengi walilipokea kwa njia ya simu za mkononi, pamoja na kile kidude kiitwacho memori kadi, ambacho hutiwa nyimbo na picha. Asemaye "memori imejaa" ana maana kwamba hana tena mahali pa kuweka vitu vyake. Kwake yeye, basi, memori ni ghala. Si ajabu kwamba aingiapo katika duka la kompyuta huuliza ukubwa wa ghala.

Mzizi wa tatu ni kipimo. Gigabaiti, yaani GB, hupima kumbukumbu, hupima hifadhi, na hupima hata bando la intaneti. Zamani debe lilipima mahindi, mchele na mafuta ya taa. Lakini hakuna aliyekwenda sokoni akasema "nipe madebe mawili" bila ya kutaja kitu akitakacho. Kwa kompyuta, kosa hilo hutendeka kila siku.

Yafaa tukumbuke pia historia. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, marufuku ambayo ililegezwa baadaye. Kwa hiyo, kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa chombo cha ofisi chache, na lugha yake ilibaki vinywani mwa wataalamu wachache. Chombo kilipofika mitaani kilifika na maneno yake ya kigeni. Tumejadiliana sana juu ya jina la chombo chenyewe: kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mjadala huo una faida yake, lakini jina la chombo halimpotezi mnunuzi. Majina ya sehemu zake ndiyo yanayompoteza.

Ufafanuzi wa dhana

Ili kuzitenga dhana hizi, na tuitazame ofisi ya kawaida. Karani ameketi mezani pake. Majalada yote ya ofisi yamo katika masijala, chumba cha pili. Kila anapotaka kushughulikia jambo huagiza jalada, hulitandaza mezani, hulifanyia kazi, kisha hulirudisha. Karani huyo ndiye kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Masijala ndiyo hifadhi: ni kubwa, hudumu, lakini kulitoa jalada huchukua muda. Meza ndiyo kumbukumbu ya kazi: ni ndogo, lakini kila kilichopo juu yake karani hukifikia kwa kunyosha mkono tu. Jioni meza husafishwa, nayo masijala hubaki kama ilivyo.

Meza ikiwa ndogo mno, karani hulazimika kurudisha jalada moja kabla ya kulifungua jingine, akawa anakwenda na kurudi siku nzima. Hali hiyo ndiyo inayoonekana katika mchezo kwa picha kukwama: kompyuta inahamisha vitu kati ya kumbukumbu na hifadhi, na mchezaji anangoja. Lakini meza ikishatosha kwa majalada yote ya siku, kuirefusha zaidi hakumwongezei karani mwendo hata kidogo. Upungufu wa kumbukumbu hudhuru. Ziada yake haileti faida. Kanuni hii ndiyo msingi wa jibu la swali letu.

Iko pia meza ya tatu. Michezo huhitaji kuchora picha nyingi kwa kila sekunde, na kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo huwa na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, kama mchoraji wa ramani aliye na meza yake pembeni. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini na kuuzwa tena hazina kadi hiyo. Mchoraji wake huazima sehemu ya meza ya karani, na hivyo kumbukumbu ya GB 8 haibaki yote kwa ajili ya mchezo.

Kiasi kinachohitajika

Mashine za PlayStation 2, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2000 na kuzoeleka sana katika mabanda ya gemu, zilikuwa na kumbukumbu kuu ya MB 32 tu. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na GB 8, na PlayStation 5 ya mwaka 2020 ikaja na GB 16, yaani takriban mara 500 ya ile ya kwanza. Kwa upande wa kompyuta, mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas wa mwaka 2005 ulihitaji angalau MB 256. Grand Theft Auto V, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, ulihitaji angalau GB 4, na watengenezaji wake wakashauri GB 8. Red Dead Redemption 2 wa mwaka 2019 ulihitaji angalau GB 8, wakashauri GB 12.

Sababu ya ongezeko hilo ni picha zaidi kuliko kitu kingine chochote. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti 4, huhitaji zaidi ya MB 8 kwa picha moja tu, mbali na nyasi za uwanja, jezi za wachezaji na kuta za majengo, ambavyo vyote hutunzwa tayari mezani vikingoja kuchorwa. Kadhalika mchezo hauwi peke yake. Programu endeshi ya Windows 11 huhitaji angalau GB 4 hata kabla ya mchezo wowote kufunguliwa.

Kwa kuzingatia hayo, twaweza kusema hivi. GB 4 hazifai tena, ila kwa michezo ya zamani. GB 8 zinatosha kwa michezo mingi ya miaka ya 2010 na kwa masomo ya kawaida, mradi programu nyingine zifungwe wakati wa kucheza. GB 16 ndicho kiasi kinachomtosha mchezaji wa leo katika michezo iliyo mingi. GB 32 zinamfaa yule ambaye, pamoja na kucheza, huhariri filamu au huendesha programu nyingi nzito kwa wakati mmoja, pamoja na wachache wanaocheza michezo mizito sana. Kupita hapo, kwa ajili ya michezo tu, ni kununua meza ambayo haitatandazwa kitu.

Hata hivyo, mwenye kompyuta asikimbilie kununua kabla ya kupima. Katika Windows, mchezo ukiwa unaendelea, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha sehemu ya kumbukumbu inayotumika. Ikiwa imekaribia kujaa na diski inafanya kazi bila kupumzika, basi meza ni ndogo na kuongeza kumbukumbu kutasaidia. Ikiwa nusu yake iko wazi na bado picha zinakwama, dosari iko kwingine, huenda ikawa katika kadi ya picha, na fedha ya kumbukumbu itapotea bure.

Mnunuzi azingatie mambo matatu zaidi. Kwanza, vipande vya kumbukumbu vina vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5 haviingiliani, na kipande cha kizazi kimoja hakikai katika nafasi ya kingine. Pili, kompyuta yenye Windows ya biti 32 haiwezi kuitumia kumbukumbu inayozidi GB 4, hata ikifungwa zaidi ya hapo. Tatu, vipande viwili vya GB 8 vilivyo sawa aghalabu huleta mwendo bora kuliko kipande kimoja cha GB 16, kwa kuwa kompyuta nyingi hupitisha data katika njia mbili kwa pamoja.

Mapendekezo ya istilahi

Mafundi wengi wamekwisha kulikubali neno "ramu" kwa meza ya karani. Neno hilo ni fupi na halichanganyiki na ghala, wala si vyema kulidharau. Kasoro yake ni kwamba halimfundishi chochote asiyelijua. "Kumbukumbu ya muda" hueleza kuwa vitu vyake hufutika, lakini halisemi kazi yake. Twapendekeza kwamba katika vitabu vya shule, matangazo ya zabuni na hati za ununuzi itumike "kumbukumbu ya kazi", na kwamba neno "kumbukumbu" lisiachwe peke yake pale inapotajwa idadi ya GB.

Kwa ghala tunalo neno "hifadhi", ambalo linakwenda sambamba na kitenzi "kuhifadhi" kilichokwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa kompyuta. Ni kweli kwamba hifadhi ni pia mahali pa wanyama, lakini muktadha hauachi shaka. Kwa meza ya mchoraji, "kumbukumbu ya picha" ni jina linaloweza kupotosha, kwani watu hupiga picha za kumbukumbu katika kila arusi. Afadhali kusema "kumbukumbu ya kadi ya picha", ijapokuwa ni refu.

Kwa muhtasari, maana zake ni hizi:

Kumbukumbu ya kazi: sehemu ya kompyuta inayoshika programu na data wakati zinapotumika, na ambayo hufutika umeme ukikatika.

Hifadhi: sehemu inayotunza programu na data kwa kudumu, umeme ukiwepo au usiwepo.

Kumbukumbu ya kadi ya picha: kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya uchoraji wa picha za skrini.

Kichakataji: sehemu inayotekeleza hesabu na maagizo ya programu.

Mfasiri atakayekutana na neno la kigeni lenye utata huu ajiulize swali moja kabla ya kuandika: umeme ukikatika, kilichomo kitabaki? Kikibaki, ni hifadhi. Kisipobaki, ni kumbukumbu. Mwalimu naye aweza kuwapa wanafunzi wake swali hilo hilo. Na mzazi wa Mbagala, akilijua, ataingia dukani na kuuliza mara mbili: hifadhi ni kiasi gani, na kumbukumbu ya kazi ni kiasi gani? Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi wanaombwa wazilete, pamoja na sentensi walizozisikia zikitumika.