Mbugu, udongo mweupe na nkumbi: mavazi ya sherehe katika msitu wa Ituri

Teritware ya Irumu, kusini mwa Bunia, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, ina sura mbili. Mashariki, kwenye kolektivite ya Walendu-Bindi ambayo makao yake ni Gety, nchi ya Wangiti ni ya vilima na majani. Magharibi, ukishapita Komanda na mlima Hoyo, unaanza msitu mkubwa unaofika Mambasa, Epulu na mbali zaidi. Humo msituni Wambuti, ambao ni wawindaji, na majirani zao wakulima, wakiwemo Wabira, Wandaka na Walese, wamejenga utamaduni wa mavazi ya sherehe yanayotengenezwa kwa mikono tangu gamba la mti hadi rangi ya mwisho.

Wambuti hawachongi vinyago vya mbao. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushangaza kwa mtu anayeijua Afrika ya Kati kwa vinyago vyake, kwani hata Wakomo, walio magharibi zaidi, wana waganga wanaovaa nyuso za mbao. Kwa Wambuti, anayeingia sherehe hubadilishwa kwa udongo, masizi, majani na mbugu, yaani nguo ya gamba la mti, na mwili wake wote huwa sehemu ya vazi.

Sherehe inayoonyesha hayo waziwazi ni nkumbi, jando la wakulima wa msituni, ambalo watoto wa Kimbuti huingizwa pamoja na watoto wa kijiji. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Epulu katika miaka ya 1950, aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu watu wa msitu. Nkumbi hufanyika kila baada ya miaka michache, na wavulana wa takriban miaka tisa hadi kumi na miwili hutengwa kambini kwa miezi kadhaa. Hupakwa udongo mweupe na kuvishwa sketi za nyuzi za mimea, kwa kuwa katika kipindi hicho wamekufa kama watoto na bado hawajazaliwa kama wanaume. Makata, vijiti vilivyokatwa ili kila kimoja kitoe sauti yake, hugongwa kwa zamu na kusikika mbali. Wanaotahiriwa pamoja huwa kare, na undugu huo hubeba wajibu wa kusaidiana hadi uzeeni. Hata hivyo vazi hilo moja lina maana mbili: mkulima huliona kama alama ya kwamba kijana wa Kimbuti sasa yuko chini ya sheria ya kijiji, ilhali Wambuti wenyewe, wakisharudi porini, humpima mwanamume kwa uwindaji wake.

Mbugu yenyewe ni kazi ya jinsia mbili. Mwanamume huchagua mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, akabandua gamba, akakwangua ngozi ya nje na kuacha utando wa ndani. Utando huo hulowekwa, kisha hutandazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo ambayo zamani ilikuwa ya pembe ya ndovu, uso wake umechongwa mistari inayokatana. Kila pigo hulegeza nyuzi, na kipande chembamba hupanuka mara kadhaa kuliko kilivyokuwa mtini. Aina ya mti ndiyo inayoamua kama nguo itakuwa nyeupe, ya manjano hafifu au ya kahawia nyekundu.

Hapo kazi humwendea mwanamke. Huketi chini miguu ameinyoosha, mbugu juu ya mapaja, akachora kwa kidole au kwa kijiti kilichochovywa katika maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa yaliyosagwa. Rangi hiyohiyo hupakwa usoni na mwilini siku ya ngoma. Mistari ya wavu wa kuwindia, madoa ya chui na mimea itambaayo ya porini hutokea na kukatika ghafla, na sehemu kubwa huachwa tupu. Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson aliulinganisha uchoraji huu na uimbaji wa Wambuti, ambamo kila sauti huingia mahali pake na kunyamaza inapotaka. Ulinganisho huo una nguvu, maana ukimya katika wimbo wao una uzito sawa na nafasi tupu kwenye mbugu. Michoro hii ilioneshwa Paris mwaka 1991 katika jumba la makumbusho la Dapper.

 

Kitenge na nguo za dukani ziliiondoa mbugu katika mavazi ya kila siku wakati wa ukoloni na baadaye. Vita vya Ituri viliharibu zaidi: mnamo 2002 na 2003 Wambuti wa Mambasa waliuawa na kutimuliwa kutoka porini, na mwaka 2006 Gety yenyewe ilijaa maelfu ya waliokimbia mapigano. Kambi ya jando inahitaji miezi ya amani, chakula cha ziada na wazee waliobaki kwao. Mbugu zinazotengenezwa sasa huishia zaidi mikononi mwa wanunuzi kutoka mbali, huku nyingine zikivaliwa siku za ngoma juu ya kaptula.