Levon Alileta Stimu, Robbie Akaandikwa Jina

Chukua albamu ya pili ya bendi ya The Band, ile ya brauni ilitoka 1969, uanze kusoma majina ya watunzi. Ngoma ziko 12. Jina ya Robbie Robertson iko kwa zote 12. Richard Manuel ametokea kwa tatu, Levon Helm kwa moja. Rick Danko na Garth Hudson? Zii. Sasa iweke uskize. Sauti inakupiga kwa masikio ni ya Levon, ya Rick, ya Richard. Huyo msee jina yake imejaa kila mahali, kuimba yake ni ya kutafuta na tochi.

Mazee, hapo ndio ngori ilianzia.

Na hii mbogi kitambo ilikuwa ya Levon. Walikuwa wanachapia Ronnie Hawkins, msee wa rokabili wa kutoka Arkansas, alikuwa amehamia Canada kutafuta unga. Levon alikuja na yeye. Hao wengine wanne waliokotwa huko huko Ontario, mmoja mmoja. Walipomhepa Hawkins 1964 wakajiita Levon and the Hawks, jina ya Levon, drama wao, iko mbele kabisa. Mwaka uliofuata Bob Dylan akawachukua, na hiyo ndio time Dylan alikuwa ametoka kwa gita ya kawaida akaingia ya stima. Mafans wakawaka vibaya. Kila shoo ni kuzomewa. Levon akachoka kuzomewa na watu wamelipa tikiti, akajitoa, akaenda kusaka mboka kwa mitambo ya mafuta kule Ghuba ya Mexico. Alirudi 1967 ikielekea kuisha, akapata wenzake wamejificha kwa keja moja imepakwa pinki pale West Saugerties, New York, wanapika mangoma kwa chumba ya chini. Kwa hizo miaka mbili hivi hakuwa, Robbie alikuwa anakaa karibu na Dylan, anacheki vile ngoma huandikwa. Ukihepa mbogi halafu urudi, usitarajie kupata kiti yako penye uliiwacha.

Cheki "The Weight". Ilitoka 1968 kwa albamu yao ya kwanza, Music from Big Pink. Mtunzi ni Robertson, peke yake. Robbie alikuwanga anasema aliangalia ndani ya gita yake ya Martin akaona imeandikwa Nazareth, Pennsylvania, juu hizo magita hutengenezewa huko, na stori ikaanzia hapo. Sawa, nakubali. Lakini iskize na hedifoni poa. Drams za Levon zinaburuta mguu kama msee amebeba gunia ya waru na hana haraka ya kufika. Anaimba na lafudhi ya ocha ya Arkansas, penye mathee na mzae wake walikuwa wanalima pamba. Ikifika kwa kiitikio, sauti tatu zinapandana, kila moja inaingia imechelewa kiasi, na hakuna inagonga ingine. Kuna vesi moja Rick anainyaka, hujui kama msee anacheka ama anataka kulia. Na wale watu wametajwa mule ndani, Levon alisema ni watu anajua, mmoja wao ni beshte yake wa utotoni. Robbie ni mtoto wa Toronto. Hiyo Kusini ya Marekani aliiona akiwa na miaka 16, akienda kuomba wera kwa Hawkins.

Sasa sheria huangalia nini? Mashairi na melodi. Vile drama amekata mdundo, vile msee amelitamka neno hadi unasimama nywele, vile Garth ametia ogani penye hukuitarajia, mara nyingi zote zinaitwa mpangilio, na mpangilio haukupi jina. Na jina ndio ganji. Rekodi ikiuzwa, wote watano wanagawana kakitu, baada ya kampuni kukata gharama zake. Lakini msee mwingine akiirudia hiyo ngoma, mwenye anakula ni mtunzi. Joan Baez alirudia "The Night They Drove Old Dixie Down" 1971, ikapanda hadi nambari 3 Marekani. The Band wenyewe hawakuwahi fika huko na singo yoyote. Hebu jiweke kwa viatu za Levon. Ni wewe uliimba hiyo kitu mwanzo, stori ni ya watu wa kwenu Kusini baada ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, sai redio nchi mzima inaichapa na sauti ya mwingine, na wewe hupati hata ya soda.

Levon alitoa rieng yake yote kwa kitabu, This Wheel's on Fire, 1993. Alisema hiyo ngoma ya Dixie ni yeye alimpeleka Robbie maktaba ndio ajue historia na ramani ya kwao. Alisema mangoma zilikuwa zinapikwa na watu wote wakiwa kwa chumba moja, halafu zikifika kwa karatasi zinageuka za msee mmoja, na hapo alilaumu Robbie pamoja na manija wao Albert Grossman. Robbie naye alikuwa na yake, na haikubadilika hadi alipodedi. Ye ndio alikuwa anaamka, anakaa chini, anaandika, wenzake wakiwa wamelewa ama wamezama kwa heroini. Ati aliwasukuma waandike, hawakuandika.

Nimesoma hizo pande zote mbili, na sioni mgondi. Kalamu ilikuwa ya Robbie, na hakuna msee amewahi kutoa karatasi ya kuonyesha mashairi ni ya mwingine. Levon mwenyewe hakumpeleka koti juu ya utunzi. Lakini Robbie alijua sheria inalipa nani na inaruka nani, na angeamua vingine. Bendi ya R.E.M. waliweka majina yote manne kwa ngoma zao, hata kama mashairi ni ya muimbaji wao, Michael Stipe. Hakuna jaji aliwalazimisha, waliamua tu. Ukitaka kujua vile hii kitu ni ya kila siku, ingia studio yoyote Eastlands usiku, uulize hao maboyz wamekaa kwa kochi nani ataandikwa. Watakushow, "Tumalize kurekodi kwanza, hizo tutaongea."

Mwenye ananiumaga zaidi ni Richard Manuel, na watu hawamtajangi sana. Kwa albamu ya kwanza alikuwa na ngoma tatu zake mwenyewe, na ya nne, "Tears of Rage", aliandika na Dylan. Ya pili akabaki na tatu za kushirikiana na Robbie. Ya tatu, 1970, mbili. Baada ya hapo jina ikapotea kabisa kwa safu ya watunzi. Pombe ilikuwa inammaliza, hiyo iko wazi. Lakini pia nafikiria msee mpole, mwenye aibu, anakaa na mwenzake mwenye kila wiki analeta ngoma imeiva, na doh yote inafuata huko. Utaleta nusu ya wimbo wako kwa hiyo meza kweli?

Mwisho ulikuja na mbwembwe. Tarehe 25 Novemba 1976, siku ya Thanksgiving, ukumbi wa Winterland, San Francisco. Watu kama 5,000 wakapewa dishi ya bata mzinga, halafu shoo. Dylan alikuwa, Muddy Waters, Joni Mitchell, Neil Young, Van Morrison, Eric Clapton. Martin Scorsese akishoot kila kitu, na filamu, The Last Waltz, ikatoka 1978. Robbie ndio alikuwa amechoka na barabara. Levon hakutaka kuacha, na filamu ilipotoka akaona kamera imempenda msee mmoja. Kwa kitabu chake aliandika ati huyo Robbie anaonekana akiimba hadi mishipa ya shingo imesimama, maiki yake ilikuwa imezimwa. Hiyo mistari ina sumu, acha tu.

Walirudiana 1983, bila Robbie, kwa vilabu vidogo vidogo. Machi 1986, baada ya shoo kule Winter Park, Florida, Richard alijitoa uhai kwa moteli. Alikuwa na miaka 42. Bendi ilipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame 1994, Levon hakutokea, juu Robbie angekuwa. Rick akadedi 1999.

Kama unadhani koti haiwezi kusaidia msee kama Levon, kuna kesi ya bendi ya Uingereza, Procol Harum. "A Whiter Shade of Pale" ilitoka 1967, na ile ogani yake kila mtu anaijua. Aliyeichapa, Matthew Fisher, hakuwa ameandikwa. Akaenda koti 2005, miaka 38 baadaye, na 2006 jaji akampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki. Wenzake wakakata rufaa, mara akapokonywa mgao, hadi 2009 House of Lords wakamrudishia. Doh ya nyuma lakini hakupata, alihesabiwa kuanzia 2005.

Levon alichukua njia ingine. Saratani ya koo ilimpata 1998, sauti ikaenda, bili za hospitali zikapanda. Kuanzia 2004 akafungua ghala yake pale Woodstock, watu wakalipa kuingia, jina ya hiyo sherehe ni Midnight Ramble. Sauti ikarudi mos mos, ikiwa imekwaruzika, na albamu yake Dirt Farmer ya 2007 ikampa Grammy. Ingine ikafuata, halafu ingine. Robbie alienda kumwona hospitali Aprili 2012, siku chache kabla adedi, Levon akiwa hana fahamu. "Dixie" hakuichapa tena baada ya 1976. Lakini "The Weight" alikuwa anaichapa kwa hiyo ghala, doh ya mlangoni inaingia kwake, na kisheria kila ikichapwa, ya utunzi bado ilikuwa ya Robbie.