Bastola ikianguka chini, ni nini inaizuia isifyatuke?

Wahitimu wenzangu, na nyinyi wadogo wetu ambao muko bado kwenye masomo, leo tuongee juu ya kipande cha chuma chenye urefu wa kidole hivi na wembamba wa msumari. Kinaitwa pini ya kufyatulia. Kinakaa ndani kabisa ya bastola, na wengi wanaobeba bastola hawajawahi hata kukiona. Lakini siku bastola inateleza mkononi na kuanguka kwenye sima, hicho kipande ndicho kinaamua kama mwenyewe atainama tu kuiokota ama kuna mtu atakimbizwa hospitali.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Nyuma ya kila risasi kuna fataki, kikombe kidogo chenye dawa inayowaka ikigongwa. Ukivuta triga, nyundo inaachiliwa, inapiga pini. Pini inagonga fataki. Fataki inawasha baruti, na risasi inatoka. Kila kitu kinategemea ule mgongo mmoja wa pini. Swali la fundi, basi, liko mara mbili: pini igonge kwa nguvu siku inatakiwa, na isigonge hata kidogo siku haitakiwi.

Tuchukue bastola moja inayojulikana sana, ile ya John Browning ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911, na ambayo inaitwa hivyo mpaka leo: 1911. Browning alifanya pini iwe fupi kuliko njia inamopita. Hata nyundo ikiilalia, ncha haifiki kwenye fataki. Ili ifike, lazima ipigwe, iruke yenyewe ule umbali uliobaki, kisha springi yake inairudisha nyuma. Ni akili safi. Lakini angalia: kama pini inaweza kuruka kwa sababu nyundo imeipiga, inaweza pia kuruka kwa sababu nyingine.

Fikiria uko ndani ya taksibisi iliyojaa. Dereva anafunga breki ghafula. Gari inasimama, lakini wewe unaendelea mbele mpaka ugonge kiti. Bastola ikianguka mdomo chini ni vile vile: mwili wake unasimama kwenye sima, lakini pini ndani haikufungwa, inaendelea na safari. Kitu kikianguka kutoka mita 1 kinafika chini na mwendo wa mita 4,4 kwa sekunde, karibu kilometa 16 kwa saa. Tuseme, kwa hesabu tu, pini ya chuma ina gramu 4. Zidisha uzito, 9,81 na mita 1: unapata joule 0,039. Ukitengeneza ile ile kwa titani, ambayo ni nyepesi sana kuliko chuma, uzito unashuka mpaka gramu 2,3 hivi, na nishati inakuwa joule 0,023. Umepunguza zaidi ya theluthi moja bila kubadili umbo lolote. Ndiyo sababu mafundi wengi wa Marekani wanaotengeneza 1911 za oda, moja moja kwa mkono, wanapenda pini nyepesi na springi yenye nguvu.

Sasa mtu atauliza: kwa nini wasiweke springi kali kabisa, tumalize? Kwa sababu springi haijui kutofautisha. Ile inayokataa pini isiruke wakati wa kuanguka, inaikataa pia wakati nyundo imeipiga. Ukizidisha, fataki inagongwa kidogo tu na haiwaki. Fundi anabaki katikati ya mashaka mawili.

Dawa ya pili ni kufunga njia. Mwaka 1983 kampuni ya Colt ilileta 1911 za aina ya Series 80. Ndani kuna kizibo kidogo kinachoshika pini. Kinainuliwa paka na triga ikivutwa. Usipovuta triga, pini imefungwa. Glock ya Austria, iliyotoka miaka ile ile, nayo iko na kizibo cha namna hiyo. Lakini wapenzi wa 1911 walilalamika: vile vipande vya ziada vinafanya triga isikie nzito kidogo kwenye kidole. Wengine wakaomba mafundi wao wavitoe. Na hapa ndipo kuna kesi yenyewe: mteja anataka raha ya kidole, na bei ya raha hiyo ni kinga ambayo hataiona ikifanya kazi hata siku moja, mpaka siku ya kuanguka.

Hata kizibo si mwisho wa maneno. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba bastola ya SIG Sauer P320, ikianguka kwa pembe fulani, inaweza kufyatuka. Kizibo ilikuwa nacho. Shida ilikuwa triga yenyewe: ilikuwa na uzito wa kutosha kuendelea na mwendo bastola ikigonga chini, ikajivuta bila kidole cha mtu. Triga ikijivuta, kizibo nacho kinafunguka. Kampuni ikatangaza kubadilisha vipande, na triga nyepesi ikiwa mojawapo. Ni ile ile fiziki ya taksibisi, ila sasa abiria alikuwa mwingine.

Na kwetu? Silaha tunayoiona zaidi barabarani ni ya aina ya AK, na pini yake kwa kawaida inatembea huru, bila springi ya kuirudisha. Ile kufuli ya pembeni inafunga triga, haishiki pini. Usalama unategemea wepesi wa pini na ugumu wa fataki za kijeshi. Kwa hiyo mtu akikuambia «usiogope, nimeifunga», wewe jua amefunga nini.

Katika jimbo la California, bastola haiandikwi kwenye orodha ya zile zinazoruhusiwa kuuzwa madukani mbele ya kuangushwa kwenye sima kutoka mita 1 hivi, kwa namna sita tofauti. Wanaiangusha makusudi, kwa sababu wanajua itaanguka siku moja. Mkono unatoa jasho, mtoto anavuta mfuko, mtu anakimbia.

Wengi wetu hatutagusa bastola hata siku moja. Lakini tutajenga madaraja, tutavuta nyaya za umeme, tutaandika programu za benki, tutapima dawa. Kila fasi atakuja mteja ama mkubwa wa kazi aseme: «Hicho kipande kinatuchelewesha, kitoe, hakuna siku kimetumika.» Mbele ya kukitoa, jiulize kiliwekwa kwa ajili ya siku gani.